Lengo la Utafiti Linaloeleweka: Mwongozo Kamili kwa Wanaoandika Maandiko ya Utafiti Mtwara na Lindi

Wanafunzi wengi hurudishiwa andiko la utafiti likiwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu pembezoni mwa ukurasa: "Lengo halieleweki." Maneno hayo ni ya kweli lakini hayamsaidii aliyeandikiwa, kwa sababu yeye mwenyewe anaona sentensi yake imekamilika na haina kosa la tahajia. Anabadilisha "kuchunguza" kuwa "kutathmini", anaongeza neno "kwa kina", anapeleka tena. Linarudi tena.

Ninavyoona mimi, lengo huwa halieleweki kwa sababu kuna uamuzi ambao mwandishi hajaufanya. Hajaamua atapima nini, atampima nani, atalinganisha nini na nini, kwa hiyo anachagua maneno mapana yatakayomfaa hata akibadili mawazo. Ndiyo maana hatua nyingi za mwongozo huu zinakutaka uamue kabla ya kuandika. Kazi ya kunyoosha sentensi inakuja baadaye, na ni fupi ukishaamua.

Huku kwetu kuchelewa kuamua kuna gharama yake. Mikorosho huanza kutoa maua kuanzia mwezi wa sita hivi, na ubwiri unga hushambulia maua na majani machanga kipindi hichohicho. Anayetaka kuupima ugonjwa huo, na mwezi wa tisa bado anabishana na msimamizi juu ya lengo, amekosa msimu. Atasubiri mwaka mzima.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kuchomeka mingine pale inapohitajika. Lengo letu la kuanzia ni hili, la aina inayopatikana katika maandiko mengi:

*Kuchunguza changamoto za ugonjwa wa ubwiri unga kwa wakulima wa korosho mkoani Mtwara.*

Hatua ya 1: Andika usichokijua

Weka andiko pembeni. Chukua karatasi tupu uandike sentensi moja inayoanza na "Sijui kama…", "Sijui kwa nini…" au "Sijui ni kiasi gani…". Iandike kama unavyomweleza shangazi yako mwenye shamba Tandahimba, mtu anayeijua korosho kuliko wewe lakini hana haja na lugha ya chuo. Kwa mfano:

*Sijui kama wanaowahi kupuliza salfa, maua yanapoanza tu kuchomoza, wanapata ubwiri mdogo kuliko wanaosubiri mpaka waone unga mweupe.*

Salfa ni dawa ya unga inayopulizwa kudhibiti ubwiri. Sentensi hiyo haina neno "changamoto", na tayari imebeba makundi mawili ya kulinganisha na kitu cha kupima. Hiyo ndiyo mbegu ya lengo.

Ukishindwa kuimalizia sentensi ya "Sijui", usirudi kwenye andiko. Bado hujasoma vya kutosha au hujakanyaga shambani. Kituo cha Naliendele cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), nje kidogo ya mji wa Mtwara, kimekuwa kikitafiti korosho kwa miaka mingi, na maswali mengi ya msingi yameshajibiwa. Kwamba salfa hudhibiti ubwiri unga, hilo linajulikana. Ukiandika lengo la kuchunguza kama salfa inafanya kazi, msomaji anayelijua eneo hili atauliza mara moja unaongeza nini. Usichokijua wewe hakitoshi. Kiwe hakijulikani pia na waliokutangulia, au kiwe kinajulikana kwingine na hakijapimwa hapa.

Hatua ya 2: Chagua kitenzi ambacho mbinu yako inaweza kukibeba

Hapa ndipo penye uzito kuliko kwingine kote, kwa sababu kitenzi cha kwanza cha lengo ni ahadi. "Kupima" kunaahidi kipimo na namba. "Kulinganisha" kunaahidi angalau makundi mawili. "Kueleza namna" kunaahidi mahojiano marefu na maneno ya watu wenyewe. "Kubaini uhusiano" kunaahidi vitu viwili vinavyobadilika, na uchambuzi unaoonyesha kama vinapanda na kushuka pamoja. "Kuchunguza" hakuahidi chochote, na ndiyo sababu kinapendwa. Sikikatazi moja kwa moja, maana tafiti za awali kabisa kuhusu jambo geni zinakihitaji, lakini kwa sehemu kubwa ya maandiko kinaficha uamuzi ambao haujafanywa.

Kuwa mwangalifu zaidi na neno "athari". Ukiandika *athari za kuwahi kupuliza salfa*, umeahidi kuonyesha kwamba kuwahi ndiko kulikosababisha ugonjwa kupungua. Sasa jiulize utafanyaje. Kama mpango wako ni kupita kwa wakulima, kuwauliza walipuliza lini, kisha kukagua miti yao, huwezi kutimiza ahadi hiyo. Mkulima anayewahi kupuliza huenda ndiye mwenye mashine yake mwenyewe badala ya kusubiri ya kukodi. Huenda ndiye aliyepalilia, akakata matawi yaliyosongamana na kuondoa machipukizi ya chini ambayo huhifadhi vimelea nje ya msimu. Ukikuta ubwiri mdogo shambani kwake, hujui uishukuru salfa ya mapema, mashine, panga au jembe. Kwa mpango huo andika "kulinganisha" au "kubaini uhusiano", na utakuwa umesema ukweli.

Ukitaka kuandika "athari", lazima wewe ndiye uamue mti upi unapulizwa lini, tena kwa kura ya bahati nasibu na si kwa kuchagua miti inayokupendeza. Miti ya shamba moja unaigawa kwenye mafungu, na katika kila fungu kura inaamua mti upi upulizwe maua yanapochomoza na upi usubiri dalili. Hapo tofauti za umri, udongo na uangalizi zinagawanyika pande zote mbili, na kinachobaki unaweza kukiita athari ya muda wa kupuliza. Kazi hiyo inahitaji shamba, ruhusa ya mwenye shamba na fedha. Wengi wa shahada ya kwanza hawana, na si aibu. Aibu ni kutumia kitenzi cha jaribio kwenye kazi ya dodoso.

Mfano wetu sasa unasoma hivi: *Kulinganisha ubwiri unga kati ya wakulima wanaowahi kupuliza salfa na wanaochelewa mkoani Mtwara.* Bado, lakini tumesogea.

Hatua ya 3: Taja kitu kitakachopimwa

"Ubwiri unga" ni jina la ugonjwa, halijawa kipimo. Unaweza kupima idadi ya miti iliyougua, au sehemu ya shada la maua iliyofunikwa na unga mweupe, au kilo za korosho zilizopotea. Kila kimoja ni utafiti tofauti, na jibu la kimoja linaweza kupingana na la kingine: miti yote mia moja inaweza kuwa na ugonjwa huku kila mmoja ukiwa umeguswa kidogo tu. Chagua. Sisi tunachagua ukali wa ugonjwa kwenye mashada ya maua, kwa kukadiria asilimia ya shada iliyoshambuliwa. Namna ya kukadiria itaelezwa kwenye sura ya mbinu. Kwenye lengo unataja "ukali wa ubwiri unga" na inatosha.

Nilisikia msaidizi wa ukusanyaji data, kijana makini, akimuuliza mtafiti wake asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi: "Dada, nikifika shambani nimuulize mkulima, au niangalie mti?" Mtafiti alinyamaza, akafungua andiko, akasoma lengo lake mwenyewe. Lengo halikuwa na jibu. Lilisema "kutathmini hali ya ugonjwa". Hali kwa macho ya nani, mkulima au mkaguzi? Swali la kijana yule ni swali zuri la kujiuliza kabla hujatoka chuoni.

Maneno yanayohitaji kufunguliwa kwa namna hii ni mengi: hali, maendeleo, ustawi, ubora, mwitikio, uelewa. Tuchukue "uelewa", kwa sababu watu wa afya wanalitumia kila siku. Chikungunya, ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa Makonde. Unaenezwa na mbu wanaouma mchana na wanaozaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa karibu na makazi. Mwanafunzi wa leo anaandika: *Kutathmini uelewa wa wananchi wa Newala kuhusu chikungunya.* Uelewa upi? Kulijua jina? Kujua kwamba ni mbu na wala si hewa mbaya? Kujua kwamba mbu huyo huzaliana kwenye pipa la maji safi nyuma ya nyumba? Kufunika pipa? Hilo la mwisho halimo kwenye uelewa hata kidogo, ni kitendo, na linapimwa kwa kukagua pipa. Kama unachokitaka hasa ni pipa, andika: *Kupima uwiano wa kaya zenye vyombo vya maji visivyofunikwa na vyenye viluwiluwi vya mbu.* Mtu yeyote ataelewa utakwenda kufanya nini.

Mlipuko huohuo una funzo jingine kwa mwandishi wa lengo. Taarifa zake zilizochapishwa mwaka 1955 zilikuwa mbili: Marion Robinson aliandika kuhusu dalili za wagonjwa, na W. H. R. Lumsden akaandika kuhusu namna ugonjwa ulivyoenea. Mlipuko mmoja, maswali mawili, kila swali na kazi yake. Kama lengo lako kuu lina "na pia" katikati, huenda una tafiti mbili mkononi.

Hatua ya 4: Weka mipaka ya nani, wapi na lini

"Mkoani Mtwara" ni pana mno kwa mtafiti mmoja mwenye bodaboda na daftari. Mkoa una pwani, una uwanda wa Makonde na una Nanyumbu kule mpakani. Mvua, udongo na kilimo havifanani. Taja eneo unalofika kweli.

Taja kwa jina kamili la halmashauri pia. Ukiandika "Masasi" au "Newala", msomaji hajui ni Halmashauri ya Mji au ya Wilaya, na zote mbili zipo. Hili lina matokeo hata nje ya karatasi, kwa sababu barua yako ya utambulisho inapelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri fulani, na ukionekana unakusanya data kwa mkurugenzi mwingine utarudishwa. "Kusini mwa Tanzania" usiandike kabisa, kila mtu ana kusini yake.

Kwa muda, kumbuka kwamba msimu wa korosho unavuka mwaka wa kalenda. Andika "msimu wa 2025/2026" badala ya "mwaka 2025". Anayetafiti bei naye achague mpaka wenye sababu: mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, kwa hiyo kulinganisha kabla na baada ya msimu huo kuna maana, wakati "miaka ya hivi karibuni" haina.

Hatua ya 5: Ondoa jibu ndani ya swali

Soma lengo hili: *Kuchunguza athari mbaya za unyago katika kuporomoka kwa elimu ya mtoto wa kike mkoani Lindi.* Mwandishi ameshahukumu. Unyago ni mbaya, elimu imeporomoka, na moja limesababisha lingine. Kilichobaki ni kukusanya watu wa kukubaliana naye. Makungwi watakaoombwa mahojiano watalisoma hilo kwenye fomu ya ridhaa na watafunga midomo, na watakuwa na haki.

Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya wasichana huacha shule baada ya kuchezwa. Inawezekana pia kwamba umbali wa shule, ada ndogondogo, au mimba iliyotokana na jambo jingine kabisa ina uzito zaidi. Lengo lililo wazi linaacha mlango huo wazi: *Kueleza namna wanawake wa miaka 18 hadi 24 waliopitia unyago katika Halmashauri ya Wilaya ya Nachingwea wanavyohusisha mafunzo hayo na uamuzi wao wa kuendelea na shule au kuacha.* Ni refu kidogo, lakini kila neno lina kazi, na linaweza kuleta jibu ambalo mtafiti hakulitarajia.

Kipimo cha hatua hii ni kujiuliza: ni matokeo gani yatanifanya niseme nilichodhani si kweli? Kama hayapo, lengo lako bado ni tamko.

Hatua ya 6: Sasa nyoosha sentensi

Kiswahili kina vijineno vidogo vinavyobeba mizigo mingi, na katika lengo la utafiti vinaleta utata. Cha kwanza ni "kwa". *Kutathmini matumizi ya salfa kwa wakulima* kunaweza kueleweka kuwa wakulima ndio wanaotumia, au kwamba kuna salfa inayotumika kwa faida yao. Ukikuta "kwa" mbili au tatu kwenye lengo moja, zivunje. Njia rahisi ni kurudisha kitenzi mahali pa nomino: *Kubaini jinsi wakulima wanavyotumia salfa.* Utata umekwisha na sentensi inapumua.

Cha pili ni "na". *Kupima ukataji wa mikoko na wavuvi wa Mikindani* kunamwacha msomaji akijiuliza kama wavuvi nao wanapimwa. *Kupima kiasi cha mikoko inayokatwa na wavuvi wa Mikindani* kunaeleweka, kwa sababu kitenzi cha kutendwa kimeshaonyesha nani anakata.

Kisha kuna mnyororo wa "ya… wa… za". Ubora wa huduma ya maji ya visima vya vijiji vya kata ya fulani: msomaji akifika mwisho amesahau tulikuwa tunapima nini. Viunganishi vitatu mfululizo vinatosha. Ukizidi, kata.

Upande mwingine, upatanisho wa kisarufi ni msaada mkubwa, utumie. "Mikorosho ya wakulima iliyopulizwa" na "mikorosho ya wakulima waliopuliza" zinaonyesha wazi nini kinaelezwa. Andika viambishi kwa makini, maana herufi moja ikikosewa unabadilisha sampuli.

Ondoa mapambo: kwa kina, kwa ujumla wake, mchango na nafasi ya, katika muktadha wa. Soma lengo bila hayo. Kama halijapoteza kitu, yalikuwa hayana kazi.

Mfano wetu umefika hapa:

*Kulinganisha ukali wa ubwiri unga kwenye mikorosho ya wakulima waliopuliza salfa maua yalipoanza kuchomoza na ya wakulima waliosubiri dalili za ugonjwa, katika Halmashauri ya Wilaya ya Tandahimba, msimu wa 2025/2026.*

Hatua ya 7: Malengo mahususi

Malengo mahususi ni lengo kuu lililokatwa vipande. Ukiviunganisha vipande, usipate pungufu wala ziada. Kwa mfano wetu vitatu vinatosha: kubaini muda ambao wakulima hupuliza salfa kwa mara ya kwanza, kupima ukali wa ubwiri unga kwenye mashada ya maua ya makundi yote mawili, na kulinganisha ukali huo kwa kuzingatia umri wa miti na nafasi kati ya mti na mti. Ukijikuta unataka kuongeza la nne kuhusu bei ya korosho mnadani, lengo kuu halilijui hilo. Acha.

Kuna lengo mahususi moja ninaloliona karibu kila mahali: *Kupendekeza njia za kutatua tatizo.* Lifute. Mapendekezo yanatokana na matokeo na yana sehemu yake mwishoni mwa kazi. Huwezi kukusanya data ya kupendekeza. Vilevile "kusambaza dodoso kwa wakulima" ni kazi ya siku, haistahili kuitwa lengo.

Hatua ya 8: Jaribu lengo kabla ya kulipeleka

Jaribio la kwanza ni jedwali tupu. Chora jedwali la matokeo unayotarajia kulijaza, likiwa na vichwa vya safu na mistari lakini bila namba. Kwa mfano wetu, mistari ni makundi mawili ya wakulima, safu ni idadi ya miti, wastani wa asilimia ya shada iliyoshambuliwa, na umri wa miti. Nimechora kwa dakika chache kwa sababu lengo linaniambia la kuchora. Jaribu kuchora jedwali la *Kuchunguza changamoto za ubwiri unga*. Utakwama kwenye kichwa cha safu ya kwanza. Kwa utafiti wa mahojiano, badala ya jedwali andika maswali matano utakayoyauliza, kisha muulize mtu kama anaona yanatoka kwenye lengo lilelile.

Jaribio la pili ni kumpa mtu asome mara moja, umnyang'anye karatasi, akueleze kwa maneno yake utakwenda kufanya nini. Mpe mtu wa fani nyingine, mwalimu wa historia au muuguzi. Usimsaidie na usimkatize. Anaposema "nadhani unataka…", palepale alipodhani ndipo penye kurekebisha. Wasimamizi wetu wengi wana wanafunzi kibao na hawatakufanyia hili. Rafiki mmoja mwaminifu anatosha.

Lengo likishapita, linakili neno kwa neno kila linapotokea: ikisiri, sura ya kwanza, fomu ya ridhaa, maombi ya kibali COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kwa tafiti za afya maombi ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Wengi huandika lengo kwa sura tatu tofauti katika nyaraka tatu, na wanaokagua hulazimika kuuliza lipi ndilo lenyewe. Ukienda kwenye majaribio ya awali ukakuta, kwa mfano, wakulima wengi wa kijiji ulichochagua wanatumia viuatilifu vya maji badala ya salfa ya unga, badilisha lengo kwa maandishi, mweleze msimamizi sababu, na kama ulishapata kibali waarifu waliokupa kabla ya kuendelea kukusanya data.